Rili ya Mjukuu Asiyekuwepo

Hakimu alipita mbele ya duka la vifaa vya uvuvi akaenda zake, akageuka, akapita tena. Kila alipoukaribia mlango alikumbuka shughuli upande wa pili wa barabara. Alikwenda kutazama viatu ambavyo hakuwa na haja navyo. Alisimama kwenye kibanda cha magazeti akasoma vichwa vya habari vyote, mpaka mwenye kibanda akamuuliza kama amletee kiti. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umezama ndani ya mfuko wa koti, na koti lenyewe lilikuwa zito mno kwa jua lile.

Tusimwonee, hakuwa mwoga. Kwa miaka mingi alikuwa mwongozaji wa wavuvi katika kambi ya wageni kule juu, mahali ambapo mto huteremka ukiwa baridi hadi vidole vikafa ganzi, na samaki aina ya trauti hukaa nyuma ya mawe wakingoja kinacholetwa na maji. Wageni walikabidhiwa kwake asubuhi, naye akawaonyesha pa kusimama, pa kurusha, na wakati wa kufunga midomo yao. Jina la Hakimu hakupewa na mama yake. Alilipata mtoni, kwa sababu hakuna aliyerusha mshipi mbele yake asisomewe hukumu. Huyu anarusha kama anayefukuza kuku. Yule ameshika fimbo kana kwamba anakoroga sufuria. Mgeni akicheka, alichekwa zaidi. Akinuna, alichekwa mpaka jioni. Na kwa kuwa mzee alikuwa mvuvi hodari kwelikweli, watu walimeza wakanyamaza.

Kisha akastaafu, na haukupita muda mwili ukamgeuka. Aliamka asubuhi moja mdomo umekwenda upande na mkono wa kushoto haumsikii. Mdomo ulirudi. Mguu nao ulirudi, ingawa kwa kujivuta. Mkono ulirudi nusu ya njia ukagoma: unaweza kubana kitu kwapani, lakini vidole vikiambiwa vishike kitu kidogo, havina habari. Vijana wa kambini walipomuuliza mbona haonekani tena mtoni, aliwaambia amechoshwa na samaki. Walimwamini, maana koti lina mifuko.

Uongo mtupu. Hakuchoshwa na samaki hata chembe. Usiku alilala akisikia maji kichwani. Lakini rili aliyoitumia maisha yake yote, kile kifaa kinachofungwa kwenye fimbo kukunjia mshipi, ilikuwa ile ya wazi, ambayo kabla ya kurusha ni lazima mkono mmoja ushike fimbo na wa pili upindue kiwaya kinachoachia mshipi. Mikono miwili, hakuna ujanja. Ipo rili ya namna nyingine, iliyofunikwa kwa kofia, yenye kitufe juu yake. Unakibonyeza kwa dole gumba, unapeleka fimbo nyuma, unaileta mbele huku unakiachia, na mshipi unatoka wenyewe kwa tundu la mbele. Mkono mmoja unatosha. Ukitaka kukunja, unabana fimbo kwapani upande ule mbovu na kuzungusha kwa mkono mzima. Hakimu alikuwa ameyapanga yote hayo kitandani na kuona yanawezekana. Apate rili ya kitufe, ya bei ambayo pensheni yake inaweza kuibeba, arudi mtoni. Hakutaka kingine duniani.

Tatizo lilikuwa mdomo wake mwenyewe. Katika vitu vyote alivyovicheka mtoni, rili ya kitufe ndiyo aliyoicheka kuliko vyote. Aliiita kengele ya mlango. Na mtu ambaye Hakimu alimcheka kuliko wote kwa ajili yake alikuwa sasa amesimama nyuma ya kaunta ya duka lile, amevaa aproni safi, anafuta vumbi.

Mtu huyo watu wanamwita Mpishi mpaka leo, ingawa jiko la kambi aliliacha zamani. Enzi hizo alikuwa bwana mmoja mkimya, mgongo umepinda kidogo kwa kuinamia masufuria, ambaye mikate yake na supu yake ndivyo vilivyowafanya wageni warudi, si samaki. Siku moja ya mapumziko yake alishuka kwenye kidimbwi kilicho chini ya daraja akiwa na rili ya kitufe aliyoinunua kwa mshahara wake. Wageni walikuwa ukingoni wanakula chakula cha mchana. Hakimu alimwona, akasimama juu ya jiwe.

"Njooni muone! Mpishi katuletea kengele ya mlango! Bonyeza, Mpishi, bonyeza! Labda samaki watakufungulia!"

Mpishi akabonyeza, kwa kuwa macho yote yalikuwa kwake na hakujua la kufanya jingine. Kile kijiko cha bati kilichofungwa badala ya chambo kikaanguka miguuni pake. Watu walicheka hadi mmoja akapaliwa na chai. Mpishi mwenyewe alicheka pia, akakusanya mshipi wake, akarudi jikoni. Tangu hapo supu ikichelewa mgeni mmoja husema ting-tong, meza nzima ikafurahi. Hakimu aliisimulia hadithi ile miaka nenda miaka rudi, kila mara akiitia chumvi kidogo, na siku ya kuagwa kwake kazini aliisimulia tena, Mpishi akiwa pale pale anagawa sahani.

Basi huyo ndiye wa kuombwa rili ya kitufe. Na duka lenyewe lilikuwa moja tu mjini. Mzee akapiga moyo konde akaingia.

"Hakimu!" Mpishi aliacha kitambaa chake. "Karibu sana, mzee. Umeadimika."

"Nipo, nipo. Shughuli tu."

Dukani kulikuwa na harufu ya mpira wa viatu vya mtoni na mafuta ya cherehani. Fimbo zilisimama ndani ya pipa kwenye kona. Vijiko vya bati vilining'inia kwenye kadi zao ukutani, na juu ya meza ya kazi kulikuwa na rili iliyofumuliwa, springi zake zimepangwa juu ya kitambaa cheupe. Hakimu aliulizia ndoana asizozitaka. Aliulizia viatu. Aliulizia hali ya biashara, hali ya nyumbani, hali ya magoti ya Mpishi. Maswali yalipomwishia, akasema huku anatazama pipa la fimbo:

"Na zile... zile za kitufe, unazo?"

"Zipo. Ni ya nani?"

Swali la kawaida kabisa. Kila muuza duka huuliza. Lakini Hakimu alihisi joto likimpanda shingoni, na kabla akili haijafika ulimi ulishatangulia.

"Ya mjukuu."

Mpishi alilirudia neno. "Mjukuu."

"Ndiyo. Yuko likizo kwetu. Ananisumbua na uvuvi, usiku na mchana."

Macho ya Mpishi yalishuka kwenye mfuko wa koti, yakarudi juu upesi. Akageuka rafuni, akaleta rili tatu na kuzipanga juu ya kaunta. Moja ilikuwa ndogo, nyekundu, imechorwa samaki anayetabasamu. Ya pili ilikuwa ya kijivu, haina mbwembwe. Ya tatu iling'aa kama kijiko kipya.

"Hii inayong'aa iache," alisema Mpishi. "Ni nzuri, lakini nusu ya bei unalipia kung'aa. Ukitaka kitu cha bei nafuu ambacho kitafanya kazi, chukua ya kijivu. Tazama kitufe chake, kipana, dole gumba halitelezi. Meno ya ndani ni chuma. Breki yake ndiyo hii, unaizungusha hapa. Trauti ana mdomo laini, ukimkazia breki ndoana inamchana na anakwenda zake. Ukiilegeza kiasi, anavuta mshipi mpaka achoke mwenyewe."

"Najua tabia za trauti, Mpishi."

"Unajua, mzee, nani asiyejua kwamba unajua. Nakwambia ili umwambie mjukuu." Akaigeuza rili. "Kasoro yake moja ni mshipi. Kiwandani wanaijaza mshipi mnene wa samaki wa ziwani, mzito, haurushiki mbali, na trauti anauona. Mimi nitautoa nikuwekee mwembamba. Na hiki kishikio cha kuzungushia kinahamishika, kulia au kushoto. Kwa mtu... kwa mtoto anayetegemea zaidi mkono mmoja, hii ndiyo."

Hakimu aliichukua ile ya kijivu kwa mkono wa kulia. Ilikaa kiganjani vizuri. Dole gumba lilishuka juu ya kitufe bila kutafuta, na kitufe kikaitikia kwa mlio mdogo wa kuaminika. Moyo wake ulikwenda hadi mtoni na kurudi. Alikuwa anafungua mdomo kusema nachukua hii, mlango ukafunguliwa.

Waliingia waongozaji wawili wa kambini, mmoja mrefu na mwingine mnene, wote wawili wanafunzi wake. Yeye ndiye aliyewafundisha kurusha, kuongoza wageni na, tuseme ukweli, kudhihaki watu.

"Hakimu mwenyewe!" alisema Mrefu. "Shikeni ukuta, mzee ameshika kitufe!"

"Ni ya mjukuu wake," Mpishi aliharakisha kusema, kumwokoa.

"Mjukuu wa Hakimu na kengele ya mlango?" Mnene alijishika kiuno. "Dunia imekwisha. Hebu tupigie ile, mzee. Ile ya Mpishi darajani."

Hapa ndipo mtu mwenye haya angesema siku nyingine, jamani. Hakimu alikuwa na haya, tena alikuwa anachemka kwa haya, lakini haya hizo zilimsukuma upande mbaya. Aliogopa kwamba akinyamaza watamtazama vizuri, wakimtazama vizuri wataona koti, wakiona koti watauliza habari za mkono. Kwa hiyo akaisimulia. Aliisimulia yote, na jiwe, na kijiko cha bati, na aliyepaliwa na chai, na ting-tong, mbele ya mwenye hadithi, ndani ya duka la mwenye hadithi. Vijana walicheka wakaegemea rafu. Mpishi alifuta kaunta mahali pamoja, akarudia pale pale, na ilipokwisha akatabasamu kwa adabu.

Na ili mchezo ukamilike, Hakimu akairudisha ile ya kijivu.

"Mtoto mwenyewe mdogo, hiki chote cha nini? Nipe hiyo nyekundu."

"Hakimu." Mpishi alishusha sauti. "Hii ni ya kuchezea. Meno yake plastiki, breki yake haibadiliki. Haitakufaa... haitamfaa."

"Leo wewe ndiye wa kunifundisha rili, Mpishi?"

Vijana wakapiga mluzi. Mpishi aliitoa rili nyekundu kwenye kasha, akaondoa mshipi mnene, akaijaza mwembamba kwa subira ile ile aliyokuwa nayo akikanda unga, akaifunga kwenye karatasi. Hakimu akatoka nayo kwapani, na njia nzima hakuwa na furaha hata ya kujidanganya.

Nyumbani alijificha nyuma ya jiko, kati ya kamba za nguo. Alifunga rili kwenye fimbo yake ya zamani kwa meno na mkono mmoja, kazi iliyomtoa jasho, akaning'iniza nati ya chuma mwishoni mwa mshipi iwe badala ya ndoana. Dole gumba lake lilikifunika kitufe chote na ukingo wake. Alipokiachia kikakwama, nati ikazunguka kichwa chake na kugonga ndoo ya maji. Akajaribu tena. Alibana fimbo kwapani akazungusha, lakini kishikio kilikuwa kidogo kama kifungo cha shati, kikawa kinamtoroka. Kwa hasira akakikaza. Ndani ya kofia kukasikika krrr, na baada ya hapo kishikio kikazunguka bure bila kukunja chochote.

Mkewe alikuja na beseni la nguo akamkuta amesimama hivyo, mshipi umemzunguka magotini.

"Haya. Nani kakufunga?"

"Niache, mama."

Aliweka beseni chini akaitazama rili, na yule samaki anayetabasamu. "Na hiki kidude?"

Hakimu alijikohoza. "Niliingia kwa Mpishi. Nilimwambia ni ya mjukuu."

"Mjukuu yupi?" Mkewe alijishika kiuno. "Au una mji mwingine ambao mimi sijatambulishwa?"

"Nilisema tu. Walikuwepo watu." Hawakuwepo, wakati ule, lakini uongo ukishaanza hauna breki.

Mkewe alicheka hadi akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti yao, aliyekuwa akifanya kazi mbali na hakuwa na mume wala haraka ya mume. Kisha kicheko kikamwisha ghafla, akamtazama kwa huruma, jambo ambalo Hakimu hakulipenda kamwe.

"Baba, Mpishi anajua hatuna mjukuu. Mimi na mkewe tunakaa foleni moja kliniki ya presha kila mwezi. Anajua nina mtoto mmoja, na wajukuu ninaowaota tu."

"Anajua?"

"Alijua ulipofungua mdomo. Na mkono anajua vilevile. Ulipolazwa, unakumbuka ile supu? Ile uliyosema ndiyo kitu pekee kinachopita kooni?"

"Uliyokuwa unaniletea."

"Nilikuwa naibeba. Tangu lini mimi nikajua kupika supu vile? Alikuwa anaipika yeye, jioni akifunga duka. Akaniomba nisikwambie. Alisema ukijua utaona vibaya."

Hakimu alitafuta pa kuketi. Hapakuwa na ndoo nyingine. Alisimama na mshipi wake magotini, na aibu iliyompata haikuwa ile ya kuonekana na watu, ambayo alikuwa ameikimbia siku nzima kutoka kibanda hadi kibanda. Hii ilikuwa nyingine, na hakuwa na mfuko wa kuificha. Alikumbuka sauti yake mwenyewe dukani akisema ting-tong. Alikumbuka kitambaa kikifuta mahali pamoja. Mtu yule alikuwa amemlisha, akijua yote, akamkaribisha dukani, akamfungia rili ya mtoto kwenye karatasi. Hakimu alitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya nyuma ya jiko ilikuwa imara.

Siku mbili tatu hakutoka nje. Mkewe alimwacha, ila kila alipopita aliipangusa ile rili nyekundu vumbi na kuirudisha mezani ilipokuwa, hadi mzee akaelewa kwamba anafukuzwa kwa upole.

Alikwenda asubuhi, mara duka lilipofunguliwa. Hakulivaa koti. Mkono ulining'inia ubavuni ulivyopenda, na njiani aliona watu wawili wakiutazama na kujifanya hawakuutazama. Mpishi alikuwa peke yake, anapanga ndoana kwenye visanduku. Hakimu aliuinua mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia akauweka juu ya kaunta, na kando yake akaiweka rili iliyovunjika.

"Sina mjukuu," alisema.

"Najua, mzee."

"Rili ni yangu. Ni yangu mimi. Nataka ile ya kijivu."

"Nimeiweka pembeni," alisema Mpishi, akaitoa chini ya kaunta. Ilikuwa tayari na mshipi mwembamba, na kishikio kimehamishiwa kulia. Hata ukingo wa kitufe alikuwa ameupiga msasa, dole gumba lisichubuke.

Hakimu aliitazama muda mrefu. Alikuwa ametunga hotuba njiani, yenye mwanzo na mwisho, na sasa haikubaki hata sentensi.

"Na ile supu," alisema. "Na ile ya kengele. Nimekukosea sana, Mpishi. Nimekukosea mara nyingi."

"Nimesikia, mzee."

Hakusema hakuna neno. Hakusema yamekwisha. Alisema amesikia, akaanza kuandika risiti. Hakimu, ambaye maishani hakuwahi kuomba radhi mara nyingi na hakujua kwamba baada ya kuomba mtu hunyamaza, akaendelea.

"Tungeweza kwenda pamoja. Wewe na mimi. Huwa unavua wapi siku hizi?"

"Sivui."

"Kwa magoti?"

"Magoti hayana shida."

"Basi tangu lini?"

Mpishi alimaliza kuandika, akaichana risiti taratibu. "Tangu siku ile ya daraja. Niliiuza ile rili wiki ile ile. Niliona nimeiuza vizuri, nikasema kumbe kuuza ninaweza."

Alilisema bila chuki, kama anayetaja bei. Hakimu alizungusha macho dukani: fimbo, vijiko, mishipi ya kila unene, springi juu ya kitambaa cheupe. Mtu huyu alikuwa akizifumua rili na kuziunga mwaka baada ya mwaka, akiwaeleza wengine namna ya kulegeza breki kwa ajili ya mdomo laini wa trauti, na hakuwa ametumbukiza ndoana majini tangu siku Hakimu aliposimama juu ya jiwe kuchekesha wageni.

"Twende nje," Mpishi alisema. "Siwezi kukupa rili hujairusha. Ile juzi nilikupa, ona sasa."

Mbele ya duka palikuwa na baraza pana ya saruji, na ng'ambo yake ukuta wa ghala usio na madirisha. Mpishi alifunga rili kwenye fimbo ya duka, akafunga kipande cha madini ya risasi mwishoni mwa mshipi kiwe uzito, akamkabidhi. Wapita njia walipunguza mwendo. Mwenye kibanda cha magazeti alitoa kichwa. Na kana kwamba wametumwa, Mrefu na Mnene wakatokea kwenye kona wakija kununua mishipi ya kambi.

Hakimu aliwaona. Alikuwa na nafasi ya kumrudishia Mpishi fimbo na kusema anamjaribia mtu. Neno lenyewe lilimjia mdomoni, tayari kabisa. Akalimeza. Akabonyeza kitufe, akapeleka fimbo nyuma, akaileta mbele, akaachia. Alichelewa kuachia. Risasi ilipiga saruji mbele ya kiatu chake, ikaruka, mshipi ukamzunguka kifundo cha mguu mara mbili.

Waongozaji walipasuka kicheko.

"Hakimu anaigiza!" Mrefu aliwaambia watu. "Muone, anamwigiza Mpishi! Rudia, mzee, rudia!"

Watu walicheka pamoja nao, maana kicheko huvuta kicheko. Hakimu alisimama katikati yao, mkono mmoja una fimbo na mwingine unaning'inia, masikio yanamwaka moto.

"Siigizi," alisema. "Ndivyo ninavyorusha. Mkono wangu mmoja umekufa."

Hakusema kwa nguvu, na waliokuwa nyuma hawakusikia wakaendelea kucheka. Waliokuwa mbele waliutazama mkono. Mnene alifumba mdomo. Mrefu alibaki na tabasamu ambalo hakujua alipeleke wapi.

"Nyamazeni," Mpishi aliwaambia, nao wakanyamaza wote, hata wa nyuma, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. "Mwacheni mtu ajaribu."

Kisha akapiga magoti pale kwenye saruji, na aproni yake safi, akaanza kuufungua mshipi kwenye kiatu cha mzee. Aliutoa uzi mmoja mmoja, bila kuuvuta, asije akauharibu. Hakimu aliona utosi wake, nywele zimeisha katikati, na vidole vyake vilivyopinda vikifanya kazi miguuni pake mbele ya mtaa mzima. Alitamani Mpishi acheke. Hata kidogo tu, hata kimoyomoyo, aone mabega yakitikisika mara moja, wawe wamelipana.

Mabega hayakutikisika. Mpishi aliinuka kwa shida, akaiweka risasi sawa, akamwonyesha kwa mkono mahali pa kuachia kitufe.

"Ulichelewa tu kuachia, mzee," alisema. "Jaribu tena."